Bildi ya Jumatatu Usiku

Mechi 24 zimekwisha, zimebaki 13. Katika University Challenge, chemshabongo ya vyuo vikuu vya Uingereza inayorushwa na BBC Jumatatu saa mbili na nusu usiku, hapo ndipo mimi huanza kunogewa. Timu 28 zimepukutika hadi nane. Kabla robo fainali haijaanza, kuna watu wanaochukua penseli na kuuliza: kati ya hawa wanane, nani ana ubavu? Mimi ni mwanafunzi wao tu, nimekuja kuwasifu.

Wengine huwaita wapiga ramli. Wanawaonea. Kazi yao ni ya nahodha anayetupa bildi majini: chini hapaoni, lakini kamba inamwambia ni pima ngapi. Na kamba yenyewe ni fupi. Timu iliyofika hapa imecheza mara mbili, kila mechi nusu saa. Ushahidi wote ni saa moja ya vijana wanne nyuma ya meza. Wachache wameonekana mara tatu, kwa sababu timu nne zilizoshindwa kwa alama nyingi raundi ya kwanza hupewa nafasi ya kugombania viti viwili. Mpimaji huwapenda hawa kuliko wanavyostahili. Angalau kuna cha kusoma.

Sisi wa sebuleni tunatazama matokeo. Tuseme timu moja imeshinda 250 kwa 80, nyingine imeponea chupuchupu, 180 kwa 175. Nani atakayeichagua ya pili? Fundi haharakishi. Anauliza alama zilipatikanaje. Swali la kianzio lina alama 10, na ni mbio za kidole: anayebonyeza kwanza ndiye anayejibu, bila kunong'onezwa na mwenzake. Akipata, timu yake inafunguliwa maswali matatu ya nyongeza, alama 5 kila moja, nayo wanayajadili pamoja. Basi zile 250 zikifumuliwa unakuta vianzio 14 na nyongeza 22 kati ya 42. Zile 180 ni vianzio 8 na nyongeza 20 kati ya 24.

Hapo mimi nilikaa sawasawa kwenye kiti siku nilipoelewa. Kianzio hunyang'anywa. Ukikutana na wazito wa kidole utaviokota kama maembe chini ya mwembe. Ukikutana na wepesi utabaki na jibu lako mdomoni. Nyongeza haina wa kukuwahi. Ni ninyi na swali, wapinzani wamekaa wanangoja kama abiria. Kwa hiyo nyongeza husema timu inajua nini, na kianzio husema inajua haraka kumpita nani. Mpimaji mzuri hupiga kambi kwenye hilo neno "nani": anarudi nyuma, anatafuta waliopigwa walipigwaje, na waliowapiga wengine waliwapigaje.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua, bado naiogopa ile ya vianzio 14. Elimu nyingi nyuma ya mlango usiofunguka ni elimu ya kujifariji nayo kwenye treni ya kurudi nyumbani.

Kuna na makato. Ukikatiza swali kabla halijaisha ukakosea, unapoteza alama 5. Watazamaji hucheka. Fundi huandika, kwa sababu makato mawili matatu ni dalili ya timu inayothubutu kukisia swali linakoelekea, na dhidi ya wakali hakuna njia nyingine. Timu isiyokatwa hata mara moja katika mechi mbili naitilia shaka.

Jina la chuo ndilo mtego mkubwa. Hadi mwaka 2024 Imperial ilikuwa imetwaa kombe mara tano, na kila ikitokea watu wanaipa mechi kabla ya kukaa. Lakini hawa wanne wa leo na wale waliotwaa kombe 2001 wanachangia nembo tu.

Kisha kuna timu ya mtu mmoja. Msimu ulioisha 2009, Corpus Christi ya Oxford iliongozwa na Gail Trimble, aliyejibu kana kwamba maswali yameandikwa kwenye kiganja chake. Waliifunga Exeter 350 kwa 15. Somo la kawaida la mpimaji ni kwamba timu ya namna hiyo huzimwa siku nyota akikutana na kidole chepesi kuliko chake. Hakukutana nacho. Fainali waliifunga Manchester 275 kwa 190. Siku chache baadaye wakavuliwa ubingwa, kwa sababu mmoja wao hakuwa tena mwanafunzi mechi za mwisho ziliporekodiwa, na kombe likaenda Manchester. Hiyo haikuwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Waliotazama Africa Challenge, chemshabongo ya vyuo vikuu vya Afrika iliyoendeshwa na John Sibi-Okumu enzi za ufadhili wa Celtel kisha Zain, wanaujua utamu huu. Makerere au Dar es Salaam ikibonyeza, chumba kizima kinapiga kelele. Sikumbuki mtu aliyekuwa akihesabu nyongeza. Tulikosa mengi.

Robo fainali za Uingereza zina huruma yake: unatakiwa ushinde mara mbili, na ukishindwa mara moja bado umo. Bahati ya usiku mmoja haitoshi. Ndiyo maana kwenye karatasi yangu timu moja inayofanana na ile ya 180 nimeipandisha hadi ya tatu.

Nayo haijui kwamba nimeipandisha, wala haihitaji. Msimu wote hurekodiwa miezi kabla, mechi kadhaa kwa siku moja. Wale vijana wanane wa Jumatatu hii wanajua tayari nani alishinda, wameombwa tu wafunge midomo. Mmoja wao pengine anatazama kama mimi, chai mkononi, akijisubiri abonyeze.