Genesis ya Salgado: Filamu Iliishia Wapi?

Fungua Genesis, kitabu ambacho Sebastião Salgado alikitoa mwaka 2013. Tazama kambi ya ng'ombe ya Wadinka, kusini mwa Sudan, aliyoipiga mwaka 2006, kisha ruka hadi kwa wafugaji Wanenet wa Siberia, mwaka 2011. Ya kwanza ni filamu, ya pili ni dijitali. Hata mpiga picha mzoefu atasita kusema ipi ni ipi, na kusita huko kulitengenezwa makusudi, tena kwa gharama ambayo wengi wetu tusingekubali kuilipa.

Salgado, mpiga picha Mbrazili aliyefariki Mei 2025, alijulikana kwa Leica ya milimita 35 na filamu ya Kodak Tri-X. Alipoanza Genesis mwaka 2004 alichukua Pentax 645, kamera ya filamu pana ya roli. Negativu yake ni milimita 56 kwa 41.5, eneo linalozidi mara mbili na nusu lile la milimita 36 kwa 24. Watu hukimbilia kusifu ukali wa picha. Mimi ukali nauweka nyuma. Kinachonunuliwa kwa eneo lile ni kijivu. Negativu kubwa haihitaji kukuzwa sana ili kufikia ukubwa uleule wa karatasi, kwa hiyo chembe za fedha hubaki ndogo, na safari kutoka nyeusi kwenda nyeupe hupita ngazi nyingi bila kuruka. Sokwe wa milimani wa Virunga, miongoni mwa kazi za mwanzo za mradi huo, ni mtihani wa jambo hili: manyoya meusi ndani ya msitu wenye mwanga haba. Ukiwanyima mwanga wakati wa kupiga, negativu inatoka tupu mahali pale, na hakuna skana itakayosoma kisichokuwepo.

Kilichomtoa kwenye filamu ni viwanja vya ndege. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ukaguzi ulikazwa, na roli zake za 220, ambazo kila moja hutoa picha 30 hivi pale 120 inapotoa 15, zilipitishwa kwenye eksirei safari baada ya safari. Pengine kupita mara moja kusingeonekana. Lakini madhara hujilimbikiza: filamu inapata ukungu, na sehemu za giza zinapoteza utofauti wake. Yaani mashine ilikuwa inakula kijivu kilekile alichobebea kamera nzito.

Mwaka 2008 akahamia Canon EOS-1Ds Mark III, yenye megapikseli 21. Kwa uwiano wa 645 alioendelea nao, zinabaki chini ya 19. Linganisha: negativu ya 645 ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa megapikseli 57 hivi. Kwa hesabu filamu imeshinda mara tatu. Kwa jicho, siyo. Kwa Tri-X, sehemu kubwa ya nukta hizo inachora umbo la chembe tu, siyo majani wala nywele. Salgado aliuona ubora wa mafaili, akaridhika.

Kazi ngumu ilikuwa kuzifanya picha mpya zikae na za zamani bila kugombana. Filamu inavumilia mwanga uliozidi, kwani weupe wake hufifia taratibu. Sensa hukata ghafla, na kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo mpigaji aliyezoea kulinda vivuli analazimika kujifunza upya na kulinda mawingu na theluji. Chembe nazo zina tabia yake. Kelele za sensa hujificha gizani, ilhali chembe za filamu huonekana zaidi kwenye kijivu cha katikati. Mafaili yakapitishwa kwenye programu ya DxO FilmPack, inayoiga chembe za Tri-X. Kuna wanaoita huo udanganyifu. Sioni hivyo: uso safi mno wa dijitali, ukitundikwa kando ya filamu, ungeonekana kama plastiki.

Kisha hatua ninayoistaajabia kuliko zote. Faili liliandikwa kwa mwanga juu ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ikasafishwa, na negativu hiyo ikaingizwa chumba cha giza na kuchapwa kwenye karatasi ya fedha. Picha za filamu na za dijitali zikaishia kwenye dawa na karatasi za aina moja. Salgado mwenyewe aliendelea kuchagua picha kwenye karatasi zenye vipicha vidogo vilivyopangwa safusafu, kama zamani, badala ya kwenye skrini.

Sisi wengine tunakwenda kinyume chake: tunapiga filamu ya 120, tunaskani, tunachapa kwa printa ya wino. Genesis inatuambia mahali pa kuweka nguvu. Skani biti 16, zima kila marekebisho ya kiotomatiki, usiongeze ukali, na faili litoke limepooza, bila nyeusi kamili wala nyeupe kamili. Utofauti utaongezwa baadaye, ukiwa na karatasi uliyoichagua mkononi, maana karatasi isiyong'aa haishiki weusi kama ile inayong'aa. Usihangaikie namba kwenye boksi la skana bapa: Epson V850 inatangazwa kwa nukta 6,400, ila kinachopatikana kweli ni chini ya nusu yake. Usawa wa filamu ndani ya kishikio una faida zaidi, kwani negativu ya 120 iliyojikunja hupoteza fokasi katikati au pembeni.

Halafu kuna vumbi. Skana nyingi huliondoa kwa miale ya infraredi, ambayo hupenya rangi za filamu ya rangi na kuzuiwa na vumbi. Fedha ya filamu nyeusi na nyeupe huizuia pia, hivyo mashine huiona picha yenyewe kuwa uchafu na kuanza kuifuta. Zima usafishaji huo wa infraredi, pulizia negativu kabla ya kuiweka, na doa lililobaki lifute kwa mkono kwenye kompyuta, moja baada ya jingine.