Namba tatu, prosesa moja

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake ya mezani akiwa amenuna. "Kaka, nimeiongezea spidi, imerudi nyuma."

Ndani kulikuwa na Core 2 Quad Q6600, prosesa ya mwaka 2007 iliyopendwa na mafundi kwa kuvumilia kukimbizwa kupita kasi ya kiwandani. Kiwandani imepangiwa gigahezi 2.4. Yeye aliingia BIOS, akapandisha mapigo ya msingi kutoka megahezi 266 hadi 333, akitarajia gigahezi 3. CPU-Z, programu inayosoma kasi ya prosesa, ikamwonyesha 2.0, chini hata ya ile ya kiwandani.

Nikafungua dirisha la taarifa za mfumo kwenye Windows. Mstari mmoja, namba mbili: 2.40, halafu 3.00. Ukijumlisha na ile ya CPU-Z zinakuwa tatu, na hakuna hata moja ya uongo.

Ile 2.40 si kipimo. Ni sehemu ya jina la prosesa, limeandikwa ndani yake kiwandani, na Windows hulisoma tu kama karani anavyosoma kitambulisho. Ifikishe gigahezi 4, jina halibadiliki. Namba ya 3.00 inatokana na kaunta iliyomo ndani ya prosesa, ambayo kwa kizazi hiki huhesabu kwa kizidishi cha juu (namba inayozidishwa na mapigo ya msingi kupata kasi), yaani 9, hata prosesa ikiwa imepumzika: 333 mara 9. CPU-Z husoma kizidishi cha dakika hiyohiyo. Mashine ikikosa kazi, EIST na C1E, mipangilio ya kuokoa umeme, hukishusha hadi 6. Piga hesabu mwenyewe.

Tukawasha Prime95, programu ya kuichosha prosesa, CPU-Z ikiwa wazi pembeni. Feni ikaanza kuvuma, 6 ikaruka ikawa 9, kasi ikasimama kwenye megahezi 3000. Tukaizima, ikashuka tena. Kijana akataka nizime EIST na C1E "ili namba itulie." Sikukubali. Prosesa yenye joto la wati 95 hadi 105, kutegemea toleo, huikimbizi bure ili kioo kipendeze.

Na RAM yake ya DDR2-800 kusomeka 400? DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. CPU-Z huhesabu mapigo.

Namba ya uongo ipo, ila hutoka kwingine. Mwaka 2013 iligundulika kwamba kwenye Windows 8, ukishusha mapigo ya msingi mfumo ukiwa tayari umewaka, saa ya Windows nayo huchelewa kwenye kompyuta nyingi za wakati huo. Jaribio la kupima kasi likimalizika, sekunde zilizohesabiwa ni chache kuliko zilizopita, na mashine iliyopunguzwa kasi inaonekana imeshinda. Programu ya jaribio haikuligundua hilo. Aliyekuwa na saa ya mkononi aliliona. HWBOT, wanaotunza rekodi za mashindano ya kukimbiza prosesa, wakaacha kupokea matokeo ya Windows 8.