Hesabu Iliyojaza Ukumbi Las Vegas

Michael Anderle, Mmarekani aliyeanza kujichapishia bunilizi za kisayansi mwaka 2015, alipiga hesabu: kitabu kimoja kikiingiza dola 7.50 kwa siku, vitabu 20 vitaleta dola 150, yaani zaidi ya dola 54,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ikawa jina la kundi la waandishi, 20BooksTo50K, na mwaka 2017 wakaanza kongamano lao Las Vegas. Tuichambue, maana ndiyo iliyowafanya watu wafunge safari.

Dola 7.50 ni nakala ngapi? Kitabu cha kielektroniki kinachouzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, Amazon humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70. Kwa bei ya dola 4.99 hupata kama dola 3.49, kabla ya makato madogo ya kutuma faili. Lengo lote, basi, ni nakala mbili na ushei kwa siku. Mwandishi hakutakiwa kutikisa dunia. Alitakiwa kupata wasomaji wawili watatu leo, na wengine kesho. Naiheshimu sana hesabu hii kwa hilo.

Ila ina sharti zito. Vitabu 20 visivyohusiana ni biashara 20, kila moja na matangazo yake. Vya mfululizo mmoja huvutana. Ndiyo maana wengi huuza cha kwanza kwa senti 99, japo hapo mrabaha hushuka hadi asilimia 35: faida huja kwa msomaji anayerudi kutafuta cha pili na cha tatu. Julai 2015, miezi michache kabla ya kitabu cha kwanza cha Anderle, Amazon ilianza kuwalipa waandishi kwa kurasa zilizosomwa katika Kindle Unlimited, huduma yake ya kusoma vitabu kwa ada ya mwezi, na mifululizo mirefu ikanufaika. Mwandishi anayeingiza kitabu humo haruhusiwi kuuza toleo lake la kielektroniki kwingine kwa siku 90. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mpango: duka moja likibadili viwango, hesabu nzima huyumba.

Mwaka 2024 nafasi ya kongamano hilo ilichukuliwa na Author Nation, hukohuko Las Vegas. Mihadhara mingi ya miaka ya nyuma iko YouTube, bure. Wewe uliyeko Mombasa au Dodoma, itazame ukiwa na kalamu. Mahali pa dola 4.99 weka bei ya kitabu chako, toa gharama ya mpiga chapa na fungu la mwenye duka, kisha upige hesabu yako upya kabla hujalipia nakala hata moja.