Theluthi ya Raisman

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kuugua 1961, kabla hata haijazaliwa, si 1977 ilipokufa. Tume ya Sir Jeremy Raisman iliona wazi kwamba soko la pamoja liliinufaisha zaidi Kenya, maana viwanda vilirundikana Nairobi. Ikapendekeza Mfuko wa Mgawo: asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha, pamoja na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na bidhaa. Nusu yake igharimie huduma za pamoja. Mpaka hapo sina neno.

Nusu iliyobaki ikakatwa mafungu matatu sawasawa: Tanganyika, Uganda, na Kenya yenyewe.

Kenya yenyewe! Mfuko wa kuwafidia waliopunjwa, halafu theluthi ya fidia inarudi kwa aliyefaidi. Na hao wawili wengine wanapewa sawa bila mtu kuuliza kila mmoja kaongeza nini sokoni. Nimelipigia kelele hili miaka mingi na sitachoka: mgawo wa sawa kwa sawa ni uvivu wa kuhesabu.

Chukua lori la ufuta: likitoka Mkange, likapakia Miono, likamalizia Mandera kabla ya kushika lami ya Chalinze, mkulima wa Mandera hakubali kulipia kipande cha Mkange hadi Miono. Mizigo ikiwa sawa, kila kipande hulipiwa na walio ndani ya lori wakati huo. Kanuni ya hesabu iitwayo thamani ya Shapley, ya 1953, hutoa jibu hilohilo: kila mshirika apate wastani wa anachoongeza, kwa kila mpangilio wa kuingia.

Tuseme Kenya na jirani mmoja wanazalisha faida ya 60, watatu pamoja 90, na bila Kenya, au mmoja peke yake, sifuri. Mipangilio ni sita. Kenya inapata 50, wenzake 20 kila mmoja. Kenya inastahili fungu kubwa, sikatai. Lakini hizo 20 zinatoka kwenye faida yote, viwanda na ajira humohumo. Raisman aligawa vipande vya kodi tu.

Kjeld Philip na tume yake, waliofungua njia ya Mkataba wa 1967, walipatia: Benki ya Maendeleo iwekeze asilimia 38.75 Tanzania, 38.75 Uganda, 22.5 Kenya. Kenya ilikwishapata lake viwandani; wale walijua kuhesabu. Mkataba wa 1999 wa Jumuiya iliyofufuliwa, ibara ya 132, ukarudi kulekule: michango sawa.

Hata mali ya Jumuiya iliyokufa haikukatwa sawasawa; iligawanywa Arusha, 14 Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.