Pongezi kwa Makocha Wasaidizi wa Mpira wa Wavu

Tangu William G. Morgan alipoubuni mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, mchezo wa mpira wa wavu umeenea hata ukafika viwanja vya Kigoma, Ujiji na Kasulu. Na palipo na timu ya chuo, aghalabu nyuma ya kocha yupo msaidizi wake, ambaye insafu yatutaka tumtaje kwa taadhima.

Asili ya wasaidizi hawa si moja. Huyu ni mwalimu wa hisabati aliyecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, katika ujana wake. Yule alipata ilimu yake Chuo cha Maendeleo ya Michezo, Malya. Na mwingine ni mwanachuo wa zamani ambaye mapenzi ya mchezo yamemrudisha kiwanjani.

Msaidizi ndiye apimaye wavu, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Ndiye amrushiaye mpokeaji mipira hata mikono ikazoea, na ndiye achunguzaye ni nani upande wa pili apokeaye vibaya, ili mpira wa kuanzia uelekezwe kwake. Ufukweni alasiri, upepo wa ziwa uvumapo kuelekea nchi kavu, yeye huwafunza vijana kuukadiria kabla ya kupiga, na maarifa hayo, kwa rai yangu, yashinda mazoezi mengi ya ukumbini.

Enyi wakuu wa vyuo, wapelekeni makocha hawa mafunzoni, na siku ya kukabidhi kikombe yasomeni majina yao pia.