Saa 14 za Mara ndani ya dakika 18

"Ol-Olool-O", kipande cha kwanza katika albamu ya Weather Report ya Mwingereza Chris Watson (Touch, 2003), ni siku nzima ya Masai Mara: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 1 jioni, tarehe 17 Oktoba 2002. Kipande chenyewe ni dakika 18 tu. Piga hesabu: kila dakika unayoisikia imebeba takriban dakika 47 za mbugani.

Siku haikufupishwa kwa kuharakisha rekodi. Sauti ikiharakishwa mara 47 hupanda zaidi ya oktava tano. Ngurumo ya radi ingegeuka mluzi, na ndege wengi tusingewasikia kabisa. Njia iliyobaki ni kuchagua na kuunganisha, na kazi ngumu ni kuunganisha.

Kila rekodi ya nje ina zulia lake: nyenze, upepo, nyasi. Sikio hulizoea upesi, kisha hushtuka zulia hilo likikatwa. Ndiyo maana rekodi moja hufifishwa polepole huku nyingine ikipandishwa. Wanaoanza fani hii hukwama hapo. Ukizipishanisha kwa mstari ulionyooka, kila moja ikiwa nusu ya kimo chake zinapokutana, sauti nzima hushuka desibeli 3 hivi, na shimo hilo husikika. Mawimbi ya upepo wa asubuhi na ya upepo wa adhuhuri hayafungamani, kwa hiyo kinachojumlishwa ni nguvu, si kimo. Dawa ni mpindo unaoiacha kila rekodi kwenye asilimia 71 hivi pale katikati. Jambo dogo, lakini ndilo linalofanya jua lionekane kupanda bila mtu kulisukuma.

Watson hakuanza hivi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Cabaret Voltaire kule Sheffield, bendi iliyochezea sana kanda, kisha akawa mnasa sauti wa vipindi vya wanyama vya David Attenborough. Katika albamu ya Outside the Circle of Fire (1998) alikuwa akituachia tukio moja moja, karibu mno: Kenya hiyohiyo, alitega maikrofoni ndogo za kubana kwenye nguo ndani ya mbavu za mzoga wa pundamilia, akavuta waya mrefu, akawangoja tumbusi.

Weather Report ina vipande vitatu, vyote vya dakika 18. Cha pili kinabana miezi ya Septemba hadi Desemba katika bonde la Scotland. Cha tatu, "Vatnajökull", kinadai miaka 10,000 ya barafu ya Iceland, na hapo ubanaji hauwezekani, kwani hakuna aliyekuwepo kurekodi. Watson anabadilisha muda kuwa mwendo: tunatoka ndani ya barafu hadi baharini. Ni ujanja halali, ila mimi bado naipendelea Mara, ingawa nina lalamiko: adhuhuri ya mbugani ni joto na kungoja kurefu, na kungoja huko ndiko kulikotupwa kwanza.