Mwalimu Anaposoma kwa Sauti

"Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)." Aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anaijua amri hii kama anavyolijua jina la bweni lake. Nani kasema, anamwambia nani, wako wapi, kisa ni nini: hoja nne, alama nne. Anajua pia kwamba alama hizo zinaweza kuzolewa zote bila kitabu chenyewe kufunguliwa. Mwongozo upo. Ndani yake kila onyesho limefupishwa, wahusika wamepangwa na sifa zao, maudhui yametiwa nambari. Kuna madarasa ambamo mwongozo umechakaa kwa kupokezanwa, huku kitabu teule kikiwa bado kinanukia wino.

Mwalimu wa fasihi anaingia humo na dakika 40 mkononi. Akitaka usalama, ataandika muhtasari ubaoni, wanafunzi wanakili, kengele ilie. Mwingine hufungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti. Wengi humwona huyu wa pili kuwa mvivu, na hata mwalimu mkuu anayepita varandani huenda akajiuliza kama kuna somo linaloendelea. Ukweli ni kwamba anafanya kazi ngumu kuliko mwenzake, na kazi hiyo ina ufundi wake.

Chukua Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyoanza kutahiniwa katika mtihani wa KCSE mwaka 2018. Majoka anatawala Sagamoyo kwa mkono wa chuma. Soko la Chapakazi, riziki ya wanyonge, limefungwa. Sudi, mchongaji, anatakiwa achonge kinyago cha shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru. Ameahidiwa mema mengi, naye anakataa. Kwenye mwongozo habari hiyo ni mstari mmoja chini ya ploti, na jina la Sudi limeandikiwa "mwenye msimamo thabiti". Kwa sauti, mambo hugeuka. Sudi asomwe vipi? Kwa hasira? Kwa kejeli? Kwa uchovu wa mtu ambaye watoto wake wana njaa? Msomaji hawezi kutamka jibu la Sudi kabla hajaamua, na kuamua huko ndiko kuelewa. Hapo mwanafunzi amefanya uhakiki bila kujua kwamba anahakiki.

Ndiyo maana kugawa nafasi za wahusika ni nusu ya ustadi. Mwalimu asiye na uzoefu humpa Majoka yule mvulana mwenye sauti nzito anayependa kusikika. Mwenye uzoefu humpa msichana wa kiti cha nyuma ambaye tangu Kidato cha Kwanza hajainua mkono. Akiwa mwenyewe anaogopa kuchekwa. Akiwa Majoka, wenzake ndio wanaopaswa kumwogopa. Maelekezo ya jukwaani, yale ya kwenye mabano ambayo wanafunzi huyaruka, hupewa msomaji wake maalumu, kwa kuwa bila hayo darasa halijui nani ameingia na nani ametoka kwa ghadhabu.

Kuna pia suala la matamshi, ambalo lahitaji mkono mwepesi. Darasa moja la Kenya laweza kuwa na mmoja anayesema "kura" akikusudia "kula", na mwingine ambaye b na p kwake ni ndugu. Nje ya darasa wote wanazungumza Sheng kwa kasi ya matatu. Mwalimu akimkatiza msomaji kwa kila kosa, sauti hufa mdomoni. Asiposema lolote, kosa huota mizizi. Wajuzi hungoja aya iishe, kisha wao wenyewe hurudia sentensi ile ile kwa matamshi sanifu, kana kwamba wameipenda tu. Mwenye kosa husikia, na hakuna anayecheka.

Kinachoshangaza ni jinsi mtihani ulivyo bubu. KCSE ya Kiswahili ina karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, na zote huandikwa. Mtahiniwa anaweza kuulizwa sifa za sauti /d/, akaandika kwamba ni ghuna, hutamkiwa kwenye ufizi, akapata alama zake na kutoka nje bila midomo kutikisika. Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walifika sekondari ya juu mwaka 2026, umeweka Kusikiliza na Kuzungumza kuwa mada inayojitegemea kando ya Kusoma, Kuandika na Sarufi. Ni hatua nzuri, ila mtaala haujawahi kumsomea mtu kitabu.

Ushairi ndio unaodhulumiwa zaidi na ukimya huu. Tarbia ya Kiswahili yenye mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa ukwapi na 8 kwa utao, iliundwa kwa ajili ya sikio na koo. Mashairi ya pwani yalighaniwa na kuimbwa kabla ya mtu kufikiria kuyahesabia silabi ubaoni. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Hata jina la diwani linataja sauti! Mwanafunzi aliyewahi kughani ubeti mmoja hadharani hahitaji kuambiwa kwamba mshororo fulani umepungukiwa na mizani. Atajikwaa papo hapo, na wenzake watajua.

Kutoka kwenye kusoma hadi kwenye mdahalo ni hatua fupi. Midahalo mingi ya shuleni hudhoofika kwa kukosa chakula: mzungumzaji huwasalimu mwenyekiti, waamuzi wa haki na mtunza muda kwa mbwembwe, kisha hukariri hoja za mwaka jana kuhusu shule za bweni na za kutwa. Darasa lililosoma Kigogo kwa sauti lina hoja yake tayari: Sudi alipaswa kukubali kukichonga kile kinyago. Upande mmoja utamtaja Ashua, mkewe, msomi aliyelazimika kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada akaishia kizuizini. Upande mwingine utauliza Sagamoyo ingebaki na nani kama fundi naye angenunulika. Hapa hakuna jibu la mwongozo, na mzungumzaji analazimika kurudi kwenye ukurasa kutafuta ushahidi. Wapo wanaokisoma kitabu kizima mara ya kwanza kwa sababu hiyo tu: kushinda ubishi.

Vitabu teule navyo hustaafu. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipisha Chozi la Heri cha Assumpta Matei, na kabla yake Utengano cha Said Ahmed Mohamed kilikwisha kuondoka. Shule nyingi huvifungia ghalani vilivyopita wakati, vikaliwa na mchwa. Ni hasara, kwa sababu kitabu kisichotahiniwa tena ndicho kinachofaa zaidi kuazimishwa: hakina dondoo za kukariri, na hakuna anayehangaikia mwongozo wake. Mwalimu mwenye kabati na daftari la kuazimia anaweza kuanzisha maktaba kwa nakala hizo hizo. Husoma sura ya kwanza ya Siku Njema, riwaya ya Walibora ya mwaka 1996, na baadaye akasimulia kidogo jinsi Kongowea Mswahili anavyofunga safari kutoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Hafiki mwisho. Hukifunga kitabu Ijumaa kabla ya kengele, akasema nakala zipo sita, na wanafunzi ni arubaini na tano.